UA LA NDEGE WA PEPONI: MASWALI MATATU NA MAJIBU YAKE

Katika kurasa hizi sikuletei kisa wala shairi, maana wenzangu Chamani wamekwisha kuyafanya hayo kwa ustadi unaonishinda. Nakuletea somo. Linahusu ule mmea uliopandwa kwa safu mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, wenye majani kama ya mgomba mchanga na maua ya rangi ya machungwa na buluu, yanayofanana na kichwa cha ndege mwenye kishungi. Sote twaupita asubuhi na jioni. Siku ya wazazi huwa tunatumwa kuyakata maua yake yawekwe kwenye meza ya wageni. Lakini muulize mwanafunzi yeyote, "Ua lile lina kazi gani?" Atakujibu, "Aa, hilo ni la urembo tu."

Mimi nasema si la urembo tu. Ua hili limewafundisha wahandisi namna ya kutengeneza vivuli vya majumba. Tena limewafanya wataalamu waifute sentensi moja iliyoaminiwa kwa miaka mingi. Na yote hayo yalianza na maswali madogo madogo ambayo hata mimi na wewe tungeweza kuyauliza. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Kuna na jambo la pili. Baadhi ya wenzetu husema ati Kiswahili ni cha methali na hadithi, sayansi ni ya Kiingereza. Sitabishana nao. Nitaeleza, nawe msomaji utaamua mwenyewe.

JINA LAKE NA KWAO

Mmea huu si wa Ukambani, wala si wa Kenya. Kwao ni Afrika Kusini, katika nchi ya mashariki ya Rasi na pwani ya Natali, ambako humea wenyewe kandokando ya mito na vichakani. Wenyeji wa huko waliujua kabla ya Mzungu yeyote kuuona. Mwaka 1773 ulifikishwa katika bustani ya Kew, karibu na London. Baadaye mtaalamu Joseph Banks akaupa jina la kisayansi, Strelitzia reginae. Neno la pili maana yake ni "wa malkia". La kwanza latokana na Mecklenburg-Strelitz kule Ujerumani, alikotoka Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Kwa hiyo ua la Mwafrika likapewa jina la malkia wa Ulaya, nalo likaenda kupandwa duniani kote. Mji wa Los Angeles huko Marekani ulilifanya ua lake rasmi mwaka 1952. Afrika Kusini nao waliliweka kwenye sarafu zao za senti 50 zilizoanza kutolewa mwaka 1990.

Ukoo wake utakushangaza. Mmea huu na mgomba wako katika oda moja, ndiyo maana majani yamefanana. Katika oda hiyo hiyo wamo tangawizi, iliki na bizari ya manjano. Kumbe ukinywa chai ya tangawizi, unakunywa binamu wa ua la ofisini!

Jamii yenyewe ya Strelitzia ina aina tano. Moja yazo, Strelitzia juncea, inatuhusu sisi watu wa nchi kavu. Majani yake yamekonda mpaka yamebaki kama vijiti vilivyosimama, na kwa hiyo haipotezi maji mengi jua likiwaka. Sisi wa huku juu milimani Mbooni tunapata ukungu na baridi, lakini mwenzetu wa kule chini Kalawa anajua thamani ya mmea usiopoteza maji.

LIMEUNDWAJE?

Kabla ya kuuliza maswali ni lazima tujue viungo. Nenda usimame karibu na ua moja, bila kulikata.

Kwanza utaona kitu kirefu, kigumu, kilicholala kama mdomo wa ndege. Hiyo si petali. Ni ala, mfano wa ala ya kisu, na ndani yake maua kadhaa yamefichwa. Hutoka moja baada ya jingine, kila baada ya siku chache, na ndiyo sababu kichwa kimoja huonekana kuwa na maua kwa muda mrefu.

Kila ua likitoka huwa na sepali tatu za rangi ya machungwa. Hizo ndizo kishungi. Halafu kuna petali tatu za buluu. Petali mbili zimeungana zikafanya kitu chenye umbo la mshale, na ndani ya mshale huo zimefungiwa stameni tano zenye chavua. Petali ya tatu ni fupi, iko chini kabisa, nayo hufunika mahali penye nekta, yaani maji matamu. Kwenye ncha ya mshale hutokeza stigma, mahali panaponata, panapongoja chavua kutoka ua jingine.

Basi hapo ndipo mambo yanapoanza. Chavua imefungiwa ndani kama pesa kwenye kibindo. Nani atakayeifungua?

SWALI LA KWANZA: NANI MWENYE UFUNGUO?

Nyuki anatua kwenye mshale, lakini mshale haufunguki. Ni mwepesi mno. Siafu anapita, haufunguki. Kinachotakiwa ni uzito. Ndege wa kadiri akitua juu ya ule mshale wa buluu ili anywe nekta, mshale huinama, na ukiinama kingo zake hufunguka pande mbili. Chavua hujitokeza na kushika miguuni na kifuani mwa ndege. Akiruka, mshale hurudi na kujifunga tena. Ndege akienda kutua kwenye ua jingine, miguu yake yagusa ile stigma inayonata, na chavua yabaki hapo.

Watafiti wa Afrika Kusini waliketi wakatazama ni ndege gani hasa anayefanya kazi hii. Wengi wetu tungedhani ni chozi, kwa sababu chozi ndiye mnywaji wa nekta. Lakini chozi ni mdogo, na mara nyingi hushika ile ala kwa miguu, akanyoosha mdomo wake mrefu na kunywa bila kuugusa mshale. Amekula, wala hakulipa. Anayeonekana kulipa ni mnana, yule ndege mfumaji viota. Yeye ana uzito wa kutosha, na hutua pale pale panapotakiwa. Kwa ile aina kubwa yenye maua meupe, Strelitzia nicolai, utafiti uliotolewa mwaka 1981 ulionyesha kwamba huko machozi wenyewe ndio wachavushaji. Kumbe ndugu wawili wana wageni tofauti.

Je, ua likipelekwa ng'ambo ambako mnana wake hayuko? Huko kusini mwa California mmea huu umejaa mabustanini. Mwaka 2011 watafiti walitoa habari kwamba kuna ndege mdogo wa Kimarekani, mwenye koo la manjano, aliyejifunza kulitembelea ua hili na kulichavusha. Ndege huyo hakuzaliwa na ua hilo wala babu yake hakuliona. Amelikuta, akalizoea.

SWALI LA PILI: LINAFUNGUKAJE BILA BAWABA?

Mlango una bawaba. Dirisha lina bawaba. Bawaba hushika kutu, hulia, hulegea, mwishowe huvunjika. Mshale wa ua letu hauna bawaba hata moja, na bado hufunguka na kufungika kila ndege anapotua. Inakuwaje?

Wataalamu wa chuo kikuu cha Freiburg na wa chuo kikuu cha Stuttgart, huko Ujerumani, waliuliza swali hilo. Wengine walikuwa watu wa mimea, wengine wahandisi wa majengo. Waligundua kwamba petali zile zina mbavu ngumu zinazopita kwa urefu, na ubavuni mwa ubavu kumeshikamana utando mwembamba. Ubavu ukipinda kwenda chini, ule utando hauwezi kupinda pamoja nao kwa jinsi ulivyosimama, kwa hiyo hujigeuza kwenda kando. Kupinda kwa kitu kimoja kumezaa kugeuka kwa kingine. Ndege akiondoka ubavu hunyooka, na utando hurudi mahali pake.

Usiniamini kwa maneno tu. Fanya jaribio hili:

1. Tafuta kijiti chembamba kinachopindika, urefu wa rula.
2. Kata kipande cha karatasi ngumu ya jalada la daftari, urefu sawa na kijiti, upana wa vidole vitatu.
3. Gundisha ukingo mmoja wa karatasi kwenye kijiti kwa urefu wote, ili karatasi isimame kama pezi la samaki.
4. Shika kijiti ncha zote mbili ukipinde polepole, karatasi ikiwa upande wa ndani wa pindo.

Utaona karatasi ikilala upande mmoja yenyewe. Hukuigusa. Ulipinda kijiti tu.

Mwaka 2011 wale wataalamu walitangaza chombo chao walichokiita Flectofin, pezi lisilo na bawaba, la kuwekwa kwenye madirisha ya majumba makubwa ili kufungua na kuziba jua. Mwaka 2012, katika maonyesho ya dunia mjini Yeosu, Korea Kusini, lilijengwa jumba ambalo ukuta wake ulikuwa na mapezi 108 ya nyuzi za kioo na plastiki, yenye kupinda bila bawaba kwa maarifa ya namna hiyo hiyo. Mapezi hayo yalifunguka na kufungika kama samaki anayepumua. Hakuna bawaba, kwa hiyo hakuna ya kutiwa mafuta wala ya kuvunjika.

Fikiri, msomaji. Mnana akitua kwenye ua huko Afrika Kusini, jumba linafunguka Korea!

SWALI LA TATU: KWA NINI RANGI HAIFI?

Ua likichavushwa, hutoa tunda gumu kama ubao. Tunda likipasuka, ndani mna mbegu nyeusi ndogo, na kila mbegu imevaa kifundo cha nyuzi za rangi ya machungwa, utadhani kofia ya sufu. Rangi hiyo huwavutia ndege waje wale zile nyuzi na kuzitawanya mbegu.

Sasa tazama jambo la ajabu. Rangi za mimea hufifia. Petali la waridi ukiliweka kitabuni, baada ya miezi si lile tena. Lakini nyuzi za mbegu za jamii hii hubaki na rangi yake kwa miaka makumi baada ya mmea kufa. Cary Pirone, aliyekuwa mwanafunzi wa masomo ya juu katika Florida International University mjini Miami, pamoja na mwalimu wake David Lee na wenzao, waliichunguza rangi hiyo katika ile aina kubwa yenye maua meupe. Mwaka 2009 wakatangaza jibu: ni bilirubini. Mwaka 2010 wakaipata pia katika aina yetu hii ya ofisini.

Huenda ukauliza, hiyo bilirubini ni nini hasa? Ni rangi ya manjano iliyomo mwilini mwako sasa hivi. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na ile hemoglobini yake hugeuzwa mpaka ikawa bilirubini. Ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo. Hadi 2009 ilikuwa ikisemwa kwamba bilirubini ni mali ya wanyama peke yao. Mmea mmoja ukaonyesha kwamba sivyo. Ile sentensi ikabidi ifutwe.

Hapa nina sababu ya kusimama kidogo. Mtoto wa shangazi yangu alipozaliwa, siku ya tatu macho yake yalikuwa manjano, na ngozi pia. Wengine nyumbani walisema ni homa ya manjano. Si hiyo. Homa ya manjano huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Ya mtoto mchanga mara nyingi ni kwamba ini lake bado ni changa, halijaweza kuitoa bilirubini yote, nayo hurundikana. Ikiwa kidogo hupungua yenyewe. Ikizidi mno huingia ubongoni na kuuharibu, na mtoto aweza kufa, au kuwa kiziwi, au kulemaa. Kule hospitalini walimlaza chini ya taa ya buluu. Mwanga huo huigeuza bilirubini ikawa umbo ambalo mwili waweza kulitoa. Leo anakimbiza kuku uani.

Na hiyo taa nayo ilitokana na jicho la mtu. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto wachanga nje wapate jua. Aliona kwamba umanjano wa mtoto mmoja umepungua mahali palipopigwa na jua, ila palipofunikwa na shuka pamebaki vilevile. Akawaonyesha madaktari. Mwaka 1958 wakachapisha habari ya kutibu kwa mwanga.

Tafadhali nisieleweke vibaya. Sisemi mmea huu ni dawa ya manjano. Sio. Kuwa na bilirubini ndani yake si kutibu bilirubini, na mbegu zake zaweza kumdhuru mtoto akizila. Wala jua la asubuhi, ambalo nyanya zetu hulitumainia, halitoshi umanjano ukizidi. Mtoto akiwa manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

SUBIRA YA DHAHABU

Kisa kimoja zaidi, kwa wale wanaotaka majibu ya haraka. Huko Afrika Kusini hutokea kwa nadra mmea wa jamii hii wenye sepali za manjano badala ya machungwa. Katika bustani ya Kirstenbosch, mjini Cape Town, John Winter alianza katika miaka ya 1970 kuizalisha aina hiyo. Ilibidi kuchavusha kwa mkono, kupanda mbegu, kungoja miaka kadhaa mpaka mmea uchanue, kuchagua, kisha kuanza tena. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20. Mwaka 1996 aina hiyo ikapewa jina la Rais Nelson Mandela, ikaitwa Dhahabu ya Mandela. Nadhani jina lilimfaa mwenye subira.

SISI NASI

Baada ya kusoma haya, wanachama watatu wa Chama tulilichunga ua letu wakati wa mapumziko ya saa nne, siku tano mfululizo. Chozi alikuja mara saba. Mara zote saba alikalia ala, akanywa, akaenda zake. Nyuki walikuja wengi. Mnana hakuja hata mara moja, ingawa viota vyake vimejaa kwenye miti ya kijitoni pale chini. Tena tulitafuta matunda kwenye vichwa vilivyokauka, hatukupata hata moja.

Basi tukawa mnana. Tulibonyeza mshale wa ua kwa kalamu, chavua ikajitokeza, tukaipaka kwenye stigma za maua sita ya mmea mwingine. Kila kichwa tulichokipaka tumekifunga uzi mwekundu. Mbegu huchukua kama miezi mitano kukomaa, na gazeti hili litakuwa limekwisha kutoka. Kwa hiyo nawaomba wenzangu, hasa ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wanaopewa zamu ya kupamba meza: kateni maua mengine yote mtakayo, ila yenye uzi mwekundu yaacheni.

MSAMIATI

Ala: kifuniko kigumu kinachoficha maua kabla hayajatoka.
Chavua: unga wa uzazi wa kiume wa ua.
Kuchavusha: kuipeleka chavua kwenye stigma.
Chozi: ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, mnywaji wa nekta.
Mnana: ndege afumaye kiota cha kuning'inia.
Bawaba: chuma kinachoshikisha mlango kwenye fremu.

MASWALI

1. Kwa nini nyuki hawezi kuufungua mshale wa buluu?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kazi ya chozi na ya mnana kwenye ua hili.
3. Taja faida mbili za pezi lisilo na bawaba.
4. Ni sentensi gani iliyofutwa baada ya 2009, na ni nini kilichoifuta?
5. Chagua mmea mmoja unaoupita kila siku ukija shule. Uandikie swali moja ambalo hujui jibu lake, ulilete Chamani Ijumaa.